Kabla ya Kupanda Mti, Tujue Jina Lake

Mwaka uliopita shule moja ya upili ilinialika niwe miongoni mwa waamuzi wa mashindano ya uandishi wa insha. Mada iliyoteuliwa ilikuwa wajibu wa jamii katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, na mshindi alikuwa ameahidiwa kamusi mpya na cheti. Nilirejea nyumbani na furushi la insha, nikazisoma kwa jioni mbili.

Ningekuwa mwongo lau ningesema kwamba hazikunipendeza. Methali zilitumiwa mahali pake, ngeli hazikugongana, na msamiati ulikuwa wa kumfanya mwalimu yeyote atabasamu. Hewa ya ukaa, gesijoto, tabaka la ozoni, kuyeyuka kwa barafu ya Mlima Kenya: yote yalikuwapo, tena yameendelezwa ipasavyo. Hata hivyo, nilipofika insha ya kumi na tano hivi, nilianza kushikwa na wasiwasi ambao sikuweza kuueleza papo hapo. Nilirudi nyuma, nikapitia tena zile nilizokwisha kuzisahihisha. Ndipo nilipotambua nilichokuwa nikikitafuta. Nilikuwa nikitafuta mti.

Simaanishi neno mti. Neno hilo lilikuwa limejaa tele, kwani kila mwandishi alituhimiza tupande miti. Nilitafuta mti wenye jina lake, uliosimama mahali panapojulikana: mvule, mkuyu, mwarobaini, mkwaju, mgunga. Katika furushi zima niliambulia mwembe mmoja tu, nao ulitajwa kwa kupita, katika sentensi iliyomweleza babu aliyeketi chini yake akisimulia hadithi.

Nilipomweleza mwalimu mwenyeji wangu jambo hili, alinijibu kwa upole na kwa ukweli. “Lakini Daktari,” alisema, “mtoto hapewi alama kwa kujua jina la mti. Hupewa alama kwa msamiati.”

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Mpenzi msomaji asinielewe vibaya. Mimi ni mtu wa isimu na riziki yangu yatokana na maneno. Sina ugomvi na istilahi. Kwa hakika baadhi ya istilahi hizi za mazingira zimeundwa kwa ustadi kuliko tunavyodhani. Litazame neno tabianchi. Zamani katika vitabu vya jiografia tulisoma “tabia ya nchi”, kisha maneno yakaunganishwa yakawa neno moja. Kando yake tunayo “hali ya hewa”. Tofauti baina ya dhana hizi mbili, ambayo huwasumbua hata wasomi, imo ndani ya maneno yenyewe. Hali hubadilika baina ya asubuhi na jioni, ilhali tabia hujengeka kwa miaka mingi. Mtu aliyekasirika leo ana hali ya hasira. Aliyekasirika kwa miaka thelathini ana tabia ya hasira. Na miaka thelathini ndicho kipindi ambacho wanasayansi wa hewa hukitumia kwa kawaida wanapotaka kueleza tabianchi ya mahali fulani.

Au tuchukue ukaa. Ukaa ni ndugu wa makaa, na aliyelibuni neno hili hakukosea. Hata Walatini, ambao neno lao carbo ndilo lililozaa kaboni, walikuwa wakizungumzia makaa. Mwanafunzi anayeandika “hewa ya ukaa” katika insha yake huku chakula chake cha jioni kikitokota juu ya jiko la makaa ana kila kitu anachohitaji ili aielewe mada. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba neno lililo daftarini na kitu kilicho jikoni ni ukoo mmoja.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Tumeufunza umma wetu nomino kubwa kubwa za mazingira, na pamoja nazo kitenzi kimoja tu: kupanda. Majina mahususi ya vitu vinavyotuzunguka tumeyaacha yafifie, na vitenzi vya kila siku kama kutunza, kupalilia, kufunika na kuloweka tumevidharau kwa kuwa havina haiba. Wala huu si upungufu wa lugha peke yake. Asiyejua jina la mti hataupanda mahali pake, na akiupanda hautaishi.

Nilizaliwa na kulelewa Ukambani, katika vilima vya Machakos. Katika utoto wangu, miaka ya 1980, mama yangu alitoka kwa siku maalumu za juma akiwa na jembe begani, kwenda kwenye kazi ya mwethya. Mwethya ni kikundi cha majirani wanaosaidiana kwa zamu: leo wanalima kwako, kesho kwangu. Sisi watoto tuliwapelekea uji, na malipo yetu yalikuwa ruhusa ya kucheza ndani ya mitaro waliyochimba. Kazi ile iliitwa fanya juu.

Kwa wasioifahamu, acha nieleze. Unachimba mtaro unaokatiza mteremko, na udongo unaouchimbua unautupa upande wa juu badala ya upande wa chini. Udongo ule hufanya tuta. Mvua inyeshapo, maji yanayoporomoka hukutana na tuta, hutulia, na huutua udongo yaliyoubeba. Juu ya tuta hupandwa nyasi za kulisha ng'ombe, ambazo mizizi yake hulishikilia. Baada ya miaka kadhaa shamba lililokuwa mteremko hujisawazisha lenyewe, likawa mfano wa ngazi. Ukiutupa udongo upande wa chini, hiyo huitwa fanya chini. Ni nafuu kwa mgongo, kwa kuwa udongo haupandishwi mlima, lakini shamba halijisawazishi upesi vile.

Miaka mingi baadaye, nikiwa maktabani nikisomea shahada ya uzamifu, nilikifungua kitabu cha kilimo kilichoandikwa kwa Kiingereza nikayakuta maneno “fanya juu” yameandikwa vivyo hivyo, bila kutafsiriwa, katikati ya sentensi ya Kiingereza. Nakiri kwamba nilicheka peke yangu hadi mtunza maktaba akanitazama. Sisi wanaisimu tumezoea kuhesabu maneno ambayo Kiswahili kimeyakopa. Huku nyuma, wanawake wenye majembe walikuwa wameukopesha ulimwengu istilahi.

Nayo haikuwa istilahi tupu. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliielezea wilaya ya Machakos kama nchi iliyokuwa ikifa kwa mmomonyoko. Walijaribu kuiponya kwa amri na kazi ya shuruti, na watu wakaichukia kazi hiyo kama walivyoichukia kodi. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu wilaya hiyo, kikilinganisha hali ya miaka ya 1930 na ile ya 1990. Walionyesha kwamba idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulikuwa umepungua. Matuta yalikuwa yameenea vilimani. Wapo wataalamu waliobishana na baadhi ya hitimisho za kitabu hicho, na mjadala huo una haki yake. Lakini matuta yenyewe hayana mjadala. Mtu aweza kwenda kuyaona.

Nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi wangu, tena kwa hasira ya haki, kwa nini sisi tujitaabishe. Kenya haifikishi hata asilimia 1 ya gesijoto zinazotolewa duniani. Walioichafua hewa kwa karne mbili wako kwingine, na viwanda vyao havijazimwa. Hoja hiyo ni sahihi na ningependa wajumbe wetu waendelee kuitoa katika mikutano ya kimataifa bila kuona haya. Lakini tuta la mama yangu halikuwa kitubio cha dhambi za mtu mwingine. Lilichimbwa ili udongo wa shamba letu ubaki kwetu. Ukame ulioikumba pembe hii ya Afrika kati ya 2020 na 2023, ambapo mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, haukumwuliza mkulima ni nani aliyechoma makaa ya mawe. Hali kadhalika mafuriko ya mwaka 2024. Shamba lenye matuta na shamba lisilo na matuta yalipokea mvua ileile. Tofauti ilikuwa katika kilichobaki baada ya maji kupita.

Sasa turejee kwenye kitenzi chetu kimoja. Kitenzi kupanda kina maana mbili, na wakati mwingine nadhani maana hizo zimetuchanganya. Mheshimiwa hufika, hupanda mti, kisha hupanda gari akaenda zake. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko ili taifa zima lipande miti, nami nililipokea tangazo hilo kwa furaha. Katika chuo kimoja ninachokifahamu vyema tulijitokeza kwa wingi, walimu kwa wanafunzi, tukiwa tumevaa fulana za sare. Miche ililetwa kwa lori. Niliuliza ni miche ya mti gani. Aliyeigawa alinijibu, “Ni miti ya kawaida tu, mwalimu.” Basi tukaipanda miti ya kawaida, tukapiga picha, tukaondoka. Viriba vya plastiki tulivyoichania miche vilibaki chini, vimetapakaa nyasini.

Novemba ile ilikuwa ya mvua nyingi, kwa hiyo miche ilisimama. Jua la Januari lilipotoka, hapakuwa na mtu aliyepewa ndoo. Hakuna aliyefanya uovu. Ni kwamba tu kazi ya kumwagilia haikuwa na jina lake katika ratiba, wala mwenyewe. Kufikia Machi nilihesabu vijiti vikavu njiani nikielekea darasani. Mimi pia nilikuwa miongoni mwa waliopiga picha.

Kuna hasara kubwa zaidi ya mche kukauka, nayo ni mche usiofaa kustawi. Wakazi wa Baringo wana simulizi chungu kuhusu jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliletwa huko mti wenye asili ya Marekani ya Kusini na ya Kati, unaoitwa na wataalamu Prosopis juliflora na unaoitwa na wananchi mathenge. Nia ilikuwa njema: kuzuia jangwa na kupata kuni. Mti ukastawi kupita kiasi. Ulivamia malisho, ukaziba njia za mifugo, na maganda yake yenye sukari yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wanajamii wa Ilchamus walipeleka malalamiko yao mahakamani, na miongoni mwa waliofika Nairobi alikuwamo mbuzi asiye na meno. Watu walicheka magazetini, lakini kwa mfugaji mbuzi asiye na meno ni akiba ya benki iliyoteketea. Vivyo hivyo mikaratusi, ambayo ilipandwa kando ya chemchemi na mito kwa kuwa hukua haraka na mbao zake zina soko, hata ikalazimu serikali mwaka 2009 kuagiza ing'olewe karibu na vyanzo vya maji. Mkaratusi hauna hatia. Mahali pake ni pengine, na aliyeupanda pale mtoni hakuambiwa.

Ukitaka kuona jinsi kazi hii inavyofanywa na watu wanaojua majina, nenda Gazi, katika kaunti ya Kwale, takriban kilomita 50 kusini mwa Mombasa.

Sisi wa bara tukiitazama misitu ile ya ufukweni huiita yote mikoko, tukadhani tumemaliza. Mtu wa pwani hufanya hivyo pia anapozungumza nasi, kwa adabu ya mwenyeji. Lakini akizungumza na mwenziwe, mkoko ni mti mmoja tu, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Kando yake upo mchu, upo mlilana, upo muia, upo mkandaa, upo mkomafi. Kila mmoja una kiwango chake cha maji na chumvi. Mlilana hupenda kuikabili bahari, mahali panapofurika kila maji yajaapo. Mkoko hufuata nyuma yake, na mkandaa husogea zaidi kuelekea nchi kavu. Anayeuchukua mche wa mkandaa akaupanda kwenye ukingo wa mawimbi kwa kuwa “yote ni mikoko” atakuwa ameulisha bahari.

Hata miti hiyo ikikatwa, lugha haikuacha kuipambanua. Nguzo nyembamba kabisa ni fito. Zikinenepa kidogo ni pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo, na zote huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Kwa karne nyingi majahazi yalizibeba hadi Uarabuni na Ghuba, ambako nyumba nyingi ziliezekwa kwa miti ya kwetu, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. (Wanaozijua nyumba za mawe za Lamu watakumbuka jinsi vyumba vyake vilivyo vyembamba na virefu. Upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti.) Tazama manufaa ya msamiati huo. Jamii yenye majina matano ya unene wa mti yaweza kuweka kanuni: kata pau, usiguse boriti. Jamii yenye neno moja, mti, yaweza tu kusema kata au usikate.

Msitu wa Gazi ulikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda. Sehemu nyingine zilibaki matope matupu, na ilipofika miaka ya 1990 watafiti wa bahari wakishirikiana na wanakijiji walianza kupanda upya, wakijifunza kwa kukosea ni mti upi unaokubali wapi. Kutokana na juhudi hizo ulianzishwa mwaka 2013 mradi uitwao Mikoko Pamoja, unaosimamiwa na wakazi wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Wanatunza hekta 117 za msitu. Ukaa ambao msitu huo unauhifadhi hupimwa, ukahakikiwa, na kuuzwa kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao: takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kila mwaka. Fedha zinazopatikana hurudi vijijini, zikatumika kwa maji ya bomba, vitabu na madawati ya shule, kwa kadiri wanakijiji wenyewe wanavyoamua mkutanoni. Mwaka 2017 mradi huo ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta, ambayo hutolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mradi wa pili wa namna hiyo, mkubwa zaidi, ulizinduliwa Vanga mwaka 2019.

Kwa nini msitu mdogo vile uwe na thamani kubwa vile? Jibu limo matopeni. Katika msitu wa nchi kavu, jani likianguka huoza upesi na ukaa wake ukarudi hewani. Katika matope ya mikoko, yaliyozamishwa na maji na yasiyo na oksijeni, kuoza hukawia mno, na mabaki ya majani na mizizi hujilimbikiza miaka nenda miaka rudi. Sehemu kubwa ya ukaa wa msitu wa mikoko, kwa hiyo, imezikwa chini ya miti. Harufu ile ya yai viza inayokupokea ukikanyaga matope hayo, ambayo wageni huizibia pua, hutokana na viumbe vidogo vinavyoishi pasipo oksijeni. Ukaa uko pale, umelala. Ukikata miti na kuuacha udongo ukauke au kusombwa, unauamsha.

Jambo lililonigusa zaidi katika mradi huu ni dogo na halina umaarufu. Waliouasisi walijiuliza: tukiwazuia watu kukata mikoko, watapata wapi kuni na nguzo za kujengea? Swali hilo huwaponyoka wahubiri wengi wa mazingira. Basi wakapanda shamba la mivinje kwenye nchi kavu, ili mwenye kuhitaji fito asilazimike kuwa mwizi.

Nina mashaka yangu pia, na sioni sababu ya kuyaficha. Mtu wa Ulaya anayenunua ukaa wa Gazi kisha akaendelea kusafiri kwa ndege kila mwezi hajapunguza chochote. Amenunua usingizi mnono. Na katika nchi yetu pamekuwapo malalamiko ya jamii kuhusu mikataba ya ukaa wasiyoielewa, iliyoandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, ikaagiza kwamba katika miradi ya ukaa inayotegemea ardhi, jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka, na kwamba pawepo mkataba rasmi wa maendeleo baina ya mwekezaji na jamii. Ni hatua njema. Ningeongeza sharti moja la mtu wa lugha: mkataba huo uandikwe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya wenyeji, na usomwe kwa sauti baraza likiwa limeketi.

Haya ni mambo ya jamii nzima. Je, mtu binafsi katika nyumba yake ya vyumba viwili? Hapa nitapita kwa haraka, kwa kuwa wasomaji wengi wanayajua kuliko mimi, ila kuna neno moja ambalo siwezi kuliruka.

Kwa miaka mingi sisi Wakenya tuliuita mfuko wa plastiki “karatasi”. “Niwekee kwenye karatasi,” tulimwambia muuza mboga, naye akatutilia sukumawiki katika kitu ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na karatasi. Karatasi huoza. Kile kilining'inia kwenye miiba ya michongoma, kikaziba mitaro, kikameza ng'ombe na kumezwa na ng'ombe. Sidai kwamba jina pekee ndilo lililotuponza, lakini jina la kitu kisicho na madhara hulegeza mkono wa anayekitupa. Marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017, yenye faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne, iliiondoa mifuko hiyo madukani kwa kasi ambayo wengi hatukuitarajia. Mahali pake paliingia mfuko unaofanana na kitambaa, ambao baadhi yetu huununua kila tuendapo sokoni na kuutupa tufikapo nyumbani. Huo nao aghalabu ni plastiki, iliyovaa kanzu. Kiondo cha mama yangu, kilichosukwa kwa katani, kilinunuliwa kabla sijaingia darasa la kwanza na bado kinabeba ndizi. Kikapu cha miyaa cha pwani ni vivyo hivyo.

Jikoni mambo ni wazi zaidi. Katika matanuri ya udongo ya kienyeji, kilo 100 za kuni kavu hutoa takriban kilo 10 hadi 20 za makaa. Zilizobaki huondoka kama moshi. Ndiyo kusema kwamba kila kipande cha kaa unachokitia jikoni kimekwisha kutumia vipande kadhaa vya mti kabla hujakiwasha. Jiko lenye kauri ndani, lililoenezwa nchini tangu miaka ya 1980 na linalotengenezwa na mafundi wetu wenyewe, hupunguza makaa kwa theluthi moja au hata nusu likilinganishwa na jiko la bati tupu. Maharagwe na muthokoi vikilowekwa usiku kucha huiva mapema. Sufuria ifunikwe. Mambo haya nyanya zetu waliyajua, na hawakuyaita uhifadhi wa mazingira, waliyaita kutopoteza.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, aliwahimiza wanawake wa vijijini waokote mbegu za miti ya kwao wenyewe na waikuze kando ya nyumba zao. Walilipwa kiasi kidogo cha fedha kwa miche iliyoshika. Mche uliokufa haukulipiwa. Alipofariki Septemba 2011, kwa wasia wake hakukatwa mti kwa ajili ya jeneza. Lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na gugumaji.

Ombi langu kwa walimu wenzangu ni la kawaida mno. Kabla hatujawapa wanafunzi insha nyingine kuhusu tabianchi, tuwatume nyumbani na daftari tupu. Wamwulize mzee mmoja majina ya miti kumi ya kijiji hicho, kwa lugha yoyote ile, na kila mti hutumiwa kwa nini, hustawi wapi, na ni upi ambao zamani ulikuwapo na leo haupo. Wamwulize mama au mjomba ni magunia mangapi ya makaa yanayotumika nyumbani kwa mwaka. Wapimie mteremko wa uwanja wa shule na kuona maji ya mvua hupita wapi. Kisha ndipo waandike. Methali zitakuja zenyewe, na zisipokuja hatutapungukiwa.

Siku ya kutoa tuzo nilirudi katika shule ile. Kamusi ilimwendea mvulana mmoja aliyeandika vizuri sana juu ya ozoni. Baada ya sherehe nilimtafuta msichana aliyeutaja mwembe, nikamwuliza ulikuwa mwembe wa aina gani. Alijibu mara moja kwamba ni boribo. Akaendelea bila kuulizwa: uliota karibu na zizi, ulipandwa na baba wa babu yake, tawi lake moja lilikatwa makaa mwaka wa ukame na babu hakusema na mtu kwa siku mbili, na siku hizi huchanua mapema kuliko zamani, maua yakapigwa na mvua yakapukutika, hata maembe ya kuuza hayapatikani.

Nilimwuliza kwa nini hakuandika hayo yote.

“Nilidhani hayo si ya insha, mwalimu,” akasema.